Gari Bila Bima ni Mzigo: Wajibu wa Kila Dereva Katika Majimbo ya Marekani

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mratibu wetu wa huduma kwa familia za wageni mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, katika semina ya siku moja. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa faida ya parokia ambazo hazikuweza kutuma wajumbe. – Mhariri)



Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru kwa kufika, maana najua wengi wenu mmetoka kazini usiku na hamjalala. Nawashukuru pia akina mama wa jikoni, ambao chai yao ndiyo iliyotuweka macho mpaka saa hii.

Nimeombwa nizungumzie bima ya magari. Najua si mada inayomvutia mtu kutoka kitandani siku ya Jumamosi. Lakini nawaomba tuisikilize kwa makini, kwa sababu katika matatizo yanayoletwa mbele ya kamati zetu, mengi huanzia kwenye gari. Baba amesimamishwa leseni, hawezi kwenda kazini. Mama amegonga gari la mtu, sasa anaandikiwa barua na wakili. Kijana alikuwa akiendesha gari la mjomba wake, na kampuni ya bima imekataa kulipa. Kodi ya nyumba haijalipwa, na kamati inaombwa kuchanga.

Kwa nini jambo hili ni letu

Ndugu wajumbe, familia nyingi tunazozihudumia zilitoka Kongo na Burundi, na zilipitia kambi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Kenya. Katika mwaka wa fedha 2024 pekee, Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi walikuwa karibu 20,000, kundi kubwa kuliko la taifa lingine lolote. Januari 2025 serikali ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na fedha nyingi zilizokuwa zikilipia wahudumu wa familia hizo zikakatwa. Familia zilizokwisha kufika hazikurudi zilikotoka. Zipo hapa, na wa kuzishika mkono ni parokia.

Kazi zinazopatikana kwa mgeni mara nyingi ziko mbali na nyumbani: viwanda vya nyama, maghala, hospitali za wazee. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, na katika miji mingi hakuna basi saa hiyo. Kwa hiyo gari si anasa. Gari ndiyo kazi yenyewe. Na hapa Marekani gari bila bima ni kosa la kisheria karibu kila mahali.

Hakuna sheria moja ya nchi nzima

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea sheria moja kwa nchi nzima. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Kenya ina sheria yake, Sura ya 405. Ukitoka Mwanza kwenda Mtwara, stika yako ya bima ni ile ile. Ndugu zetu wa Kongo kwa miaka mingi walijua kampuni moja tu ya bima, SONAS ya serikali, mpaka soko lilipofunguliwa kwa kampuni nyingine.

Marekani sivyo. Bunge la nchi lilipitisha sheria mwaka 1945 iliyoacha usimamizi wa bima mikononi mwa majimbo. Kila jimbo linajiamulia. Massachusetts lilikuwa la kwanza kuwalazimisha wenye magari wote kuwa na bima, na sheria yake ilianza kufanya kazi mwaka 1927. New Hampshire mpaka leo haiwalazimishi madereva wengi kununua bima, lakini atakayesababisha ajali lazima aweze kulipa. Virginia ilikuwa inamruhusu mtu kulipa dola 500 kwa mwaka na kuendesha bila bima. Ruhusa hiyo ilifutwa tarehe 1 Julai 2024. Zingatieni kwamba zile dola 500 hazikuwa bima. Aliyezilipa kisha akagonga alidaiwa kila senti.

Kwa hiyo familia inapohama, kwa mfano kutoka Texas kwenda Iowa kwa sababu ya kazi ya kiwandani, haihami na vyombo tu. Inabidi iijulishe kampuni ya bima, ibadilishe leseni na isajili gari upya. Familia nyingi hukumbuka vyombo na shule za watoto, zikasahau hili.

Tarakimu tatu za kuzijua

Ukifungua hati ya bima utaona tarakimu tatu zimefuatana, kwa mfano 25/50/25. Maana yake ni maelfu ya dola. Tarakimu ya kwanza ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa kwa mtu mmoja uliyemuumiza. Ya pili ni kiasi cha juu kwa majeruhi wote wa ajali moja, hata wakiwa kumi. Ya tatu ni kwa mali uliyoharibu: gari la mwenzako, ukuta, nguzo ya umeme.

Ohio na Kentucky zinadai angalau 25/50/25. Texas ni 30/60/25. Maine ni 50/100/25. Pennsylvania ni 15/30/5. Na viwango hivi hubadilika. California ilikaa na 15/30/5 kwa zaidi ya miaka 50, ikapandisha kuwa 30/60/15 tarehe 1 Januari 2025. Siku hiyo hiyo Virginia ilipanda kuwa 50/100/25. North Carolina ilifuata tarehe 1 Julai 2025 kwa 50/100/50. Kwa hiyo karatasi ya maelezo iliyobandikwa ukumbini tangu mwaka 2019 ishusheni leo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Fedha hizi zote zinakwenda kwa watu wengine. Ndiyo ile tunayoiita nyumbani bima ndogo. Hailipi gari lako, na kwa kawaida haikutibu wewe mwenyewe. Anayetaka gari lake pia litengenezwe au lilipwe likiibiwa, anunue bima kubwa. Sheria ya jimbo haimlazimishi kuwa nayo, lakini aliyenunua gari kwa mkopo atalazimishwa na benki. Akiiacha, benki itamnunulia yenyewe kwa bei ya juu na kumwongezea kwenye deni, na bima hiyo inailinda benki zaidi kuliko yeye.

Majimbo mengine yameongeza sharti la matibabu. Kentucky ina malipo ya dola 10,000 kwa majeruhi wa ndani ya gari bila kuuliza kosa ni la nani, isipokuwa mtu ameyakataa kwa maandishi. Minnesota inadai dola 40,000 za namna hiyo. Michigan ilikuwa ikidai matibabu yasiyo na kikomo. Tangu Julai 2020 mwenye gari anachagua kiwango. Hapo ndipo wengi wetu hutia sahihi karatasi ya kukataa bila kuielewa, kwa sababu wakala amesema itapunguza malipo ya mwezi. Tuwafundishe watu wetu kuuliza: nikisaini hapa, nani atalipa hospitali?

Kima cha chini si sawa na kinachotosha

Tufanye hesabu pamoja. Dereva ana bima ya 25/50/25. Anapita kwenye taa nyekundu na kugonga gari lenye watu watatu. Wawili wanadai dola 20,000 kila mmoja za hospitali, wa tatu anadai 30,000. Jumla ni 70,000. Kampuni haitavuka 50,000. Zinabaki 20,000. Gari la watu hao lilikuwa na thamani ya dola 32,000, nalo limeharibika kabisa. Kampuni inalipa 25,000, zinabaki 7,000. Dereva wetu anadaiwa dola 27,000 na alikuwa ametii sheria.

Kwa kiwango cha Pennsylvania hali ni ngumu zaidi, kwani upande wa mali ni dola 5,000 tu, wakati magari mengi mapya yanauzwa zaidi ya dola 40,000. Deni likifika mahakamani, katika majimbo mengi hakimu anaweza kuagiza sehemu ya mshahara ikatwe.

Wazee husema ajali haina kinga. Ni kweli, bima haizuii ajali. Inachozuia ni ajali ya dakika moja kuwa deni la miaka kumi. Na kutoka kima cha chini kwenda kiwango cha juu yake, nyongeza ya malipo mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wakala aulizwe bei zote mbili kabla ya mtu kuamua.

Jambo lingine ni wale wasio na bima. Inakadiriwa kuwa karibu dereva mmoja kati ya saba nchini humu hana bima. Akikugonga huyo, utamdai nani? Kuna sehemu ya bima inayokulinda dhidi ya dereva asiye na bima. Majimbo kama Maine na Minnesota yanailazimisha. Mahali pengine ni hiari, na mimi nasema ichukuliwe.

Aina za madereva

Sasa nizipitie aina za madereva tulionao katika jumuiya zetu, maana wajibu wao haufanani.

*Dereva mgeni.* Huyu ameendesha lori kati ya Bukavu na Uvira miaka kumi na mitano, lakini kwa kampuni ya bima ya hapa ni kama amezaliwa jana. Hana historia. Tena katika majimbo mengi kampuni hutazama historia ya mikopo yake, naye hana mkopo hata mmoja. California, Hawaii na Massachusetts zimekataza kutumia kigezo hicho kwenye bima ya gari, kwingine kinaendelea. Ndiyo maana malipo ya mwaka wa kwanza humshtua. Dawa yake ni mbili: kulinganisha bei za kampuni tatu au nne, na kutoiacha bima ikatike hata siku moja, kwa sababu mwaka mmoja bila kukatika ndio mwanzo wa historia yake.

Wenye kipato kidogo wapo waliofikiriwa. California ina mpango wa bima ya bei nafuu kwa madereva wa kipato cha chini wenye rekodi nzuri. New Jersey ina bima ya dola 365 kwa mwaka kwa walio kwenye huduma ya afya ya serikali, Medicaid. Lakini mwelewe kwamba hii ya New Jersey inalipia matibabu ya dharura ya dereva baada ya ajali. Madhara anayowasababishia wengine hailipi.

*Kijana na ndugu wa nyumbani.* Hapa pana utamaduni wetu na mkataba wao, na vinagongana. Kwetu gari la mjomba ni gari la ukoo. Nyumba ina baba, mama, watoto, shemeji aliyefika juzi na mpwa anayesoma chuo. Funguo ziko juu ya friji, mwenye haja anachukua. Kampuni ya bima inauliza: nyumbani kwenu wanakaa watu wangapi wenye umri wa kuendesha? Watu wanajibu wawili, ili malipo yasipande. Siku mpwa akigonga, kampuni inachunguza, inamkuta anuani ni ile ile, na inaweza kukataa dai au kufuta mkataba.

Wataje wote. Kama kijana anafanya malipo yapande mno, jimbo likiruhusu anaweza kuandikwa kwamba ameondolewa kwenye bima hiyo. Lakini akiondolewa, asishike usukani kabisa, hata kwenda kununua maziwa.

Nitaje pia desturi ya kuandikisha gari kwa jina la mtu anayejua Kiingereza: katekista, mwenyekiti wa jumuiya, binamu aliyetangulia kufika. Anafanya hivyo kwa wema. Lakini mwenye jina kwenye usajili ana wajibu. New York, kwa mfano, kwa sheria ya jimbo mwenye gari anaweza kudaiwa kwa kosa la yule aliyemruhusu kuliendesha. Kumsaidia mtu kujaza fomu ni huduma. Kumpa jina lako ni kubeba deni lake. Tumsaidie aandikishe kwa jina lake mwenyewe.

*Anayefanya kazi kwa gari lake.* Wapo vijana wetu wengi wanaobeba abiria kwa simu au kupeleka chakula majumbani. Bima ya kawaida ya familia kwa kawaida hailipi ajali iliyotokea wakati gari linafanya biashara. Kwa wanaobeba abiria, majimbo mengi yamegawa muda kwa vipindi. Programu ikiwa imewashwa na dereva bado anasubiri mteja, kiwango ni 50/100/25. Akishakubali safari mpaka abiria ashuke, kiwango ni dola milioni 1. Programu ikizimwa, anabaki na bima yake mwenyewe. Kwa wanaopeleka chakula sheria hizo mara nyingi haziwahusu, na ulinzi wa kampuni unatofautiana. Wote hawa wamwambie wakala ukweli, na waulize nyongeza ya bima kwa kazi hiyo. Ipo, na ni nafuu kuliko kukataliwa dai.

*Dereva wa lori na basi la kukodi.* Hawa, wakivuka mipaka ya majimbo, wanaingia chini ya sheria ya nchi. Malori makubwa yanayobeba mizigo ya kawaida kwa malipo yanatakiwa kuwa na bima ya angalau dola 750,000. Mizigo fulani ya hatari hufika milioni 5. Gari la abiria la kulipwa lenye nafasi za watu 15 au chini ni milioni 1.5, lenye nafasi 16 na zaidi ni milioni 5. Kwa hiyo, wajumbe, mnapokodi basi la hija kwenda jimbo lingine, msiulize bei peke yake. Ombeni cheti cha bima, someni tarehe na kiwango. Mtu anayekuja na gari lake na kusema atawachukua kwa nusu bei huenda nusu aliyoipunguza ndiyo bima.

*Aliyewahi kukosea.* Aliyekamatwa bila bima, au akiwa amelewa, mara nyingi hudaiwa fomu iitwayo SR-22. Wengi wanadhani ni aina ya bima. Sivyo. Ni cheti ambacho kampuni yako inakipeleka serikalini kuthibitisha kwamba una bima. Katika majimbo mengi kinadaiwa kwa miaka 3. Malipo yakikatika, kampuni inaiarifu serikali, na leseni inasimamishwa. Hata asiye na gari anaweza kudaiwa fomu hii. Huyo ananunua bima ya dereva asiye na gari. Ndugu hawa tusiwatenge. Wanahitaji mtu wa kuwakumbusha tarehe ya kulipa kuliko wanavyohitaji mahubiri.

Adhabu zenyewe

Texas, kosa la kwanza la kuendesha bila bima ni faini ya dola 175 hadi 350, na la pili hufika 1,000. Kentucky, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 hadi 1,000, au kifungo kisichozidi siku 90, au vyote viwili, na usajili wa gari hufutwa. Mtu asidhani hatakamatwa kwa sababu kioo cha mbele hakina stika kama nyumbani. Polisi anapochapa namba ya gari, katika majimbo mengi kompyuta inamwambia kama lina bima. Uthibitisho wa dereva ni kadi, au picha yake kwenye simu, ambayo sasa inakubalika karibu kila jimbo.

Kuna mtego mwingine unaowapata watu wema. Mtu anapata habari za msiba, anasafiri kwenda Bujumbura au Kigoma miezi miwili, na ili kuokoa fedha anasimamisha bima. Gari limeegeshwa tu, halijamgonga mtu. Lakini New York, gari likiwa bado limesajiliwa na bima imekatika, hutozwa dola 8 kwa siku kwa siku 30 za kwanza, kisha hupanda mpaka 12, na muda ukizidi siku 90 leseni nayo husimamishwa. Njia sahihi ni kurudisha kwanza vibao vya namba, ndipo ukate bima. Anayesafiri amuulize wakala kabla ya kununua tiketi.

Dereva wa kujitolea wa parokia

Hapa nazungumza na kamati moja kwa moja. Kila Jumapili mnawatuma watu kuchukua wazee na wagonjwa. Je, mmewahi kuwauliza kama wana bima? Ajali ikitokea, kwa kawaida bima ya mwenye gari ndiyo hutangulia kulipa. Ikiisha, wanaodai wanaweza kuigeukia parokia, kwa sababu ndiyo iliyomtuma. Wapo wanaosema kuna sheria ya nchi ya mwaka 1997 inayowalinda wanaojitolea. Sheria hiyo ipo. Lakini imetamka wazi kwamba haihusu madhara yaliyosababishwa na mtu akiendesha chombo kinachodaiwa leseni au bima. Kwa maneno mengine, imemlinda anayegawa chakula ukumbini, haikumlinda anayewaleta watu ukumbini.

Kwa hiyo kila parokia iulize kama bima yake ina sehemu ya magari ya kukodi na magari yasiyo mali ya parokia. Pili, iwe na daftari la madereva wa kujitolea lenye nakala ya leseni na kadi ya bima, na lipitiwe kila miezi sita. Tatu, yale magari makubwa ya abiria 15 muyatazame upya. Mamlaka ya usalama barabarani ilianza kutoa tahadhari mwaka 2001 kwamba hupinduka kwa urahisi zaidi yakibeba watu 10 au zaidi, na kampuni nyingi za bima hazipendi kuyachukua.

Kwa wafadhili wetu

Wafadhili wapendwa, mmetupa magari kwa moyo mkunjufu, na familia zimekwenda kazini kwa magari hayo. Mungu awalipe. Ninalo ombi ambalo nalisema kwa heshima.

Tunapompa mtu gari bila bima tumempa mzigo wenye magurudumu manne. Hana fedha ya bima, lakini ana gari, ana watoto na ana zamu ya alfajiri. Ataliendesha. Na tukijua hivyo tukampa funguo, sisi nasi tumo. Tukumbuke Msamaria Mwema: hakuishia kumpandisha majeruhi kwenye mnyama wake. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na gharama itakayozidi. Ile ahadi ya mwisho ndiyo tunayoisahau sisi.

Pendekezo langu ni hili. Tuseme bima ya familia mpya ni dola 180 kwa mwezi. Miezi sita ni dola 1,080. Nashauri mfuko wetu utoe magari machache zaidi kuliko tulivyozoea, lakini kila gari litoke na miezi sita ya bima iliyolipwa kwa utaratibu huu: mwezi wa kwanza na wa pili mfuko unalipa yote, wa tatu na wa nne nusu kwa nusu, wa tano na wa sita familia inalipa yenyewe na mfuko unarudisha robo ikithibitika imelipwa kwa wakati. Najua wapo watakaosema tutasaidia familia chache. Ni kweli. Na kuna mama anayesubiri kwenye orodha ambaye kwa uamuzi huu atasubiri zaidi. Mimi namwona kila juma, na silisemi jambo hili kwa wepesi. Lakini familia iliyopewa gari, ikapoteza leseni, ikapoteza kazi, inarudi kwenye orodha ile ile ikiwa na deni juu yake.

Na mnapotoa gari, hakikisheni hati ya umiliki imehamishwa, ondoeni vibao vyenu vya namba pale jimbo linapotaka hivyo, na funguo zisitoke mkononi kabla kadi ya bima haijaonekana.

Mambo ya kufanya mkirudi nyumbani

Ndugu wajumbe, naomba kila kamati ifanye mambo manne kabla ya toleo lijalo la jarida hili. Moja, ichague mtu mmoja wa bima, anayejua Kiswahili na Kiingereza, atakayekaa na familia wakati hati inasainiwa. Mbili, ipate kiwango cha sasa cha jimbo lake kutoka idara ya bima ya jimbo na kukibandika ukumbini, kikiwa na tarehe. Tatu, ifungue daftari la madereva wa kujitolea. Nne, ijadili pendekezo la mfuko na kutuandikia majibu, hata kama ni ya kupinga.

Nimemaliza. Kama nimesema yaliyo mazito, ni kwa sababu ndugu zetu wamekwisha kubeba mazito ya kutosha njiani, na hili la gari tunaweza kuwapunguzia. Mwenyezi Mungu awalinde barabarani, ninyi na wale mnaokutana nao njiani.